Mabao ya Elinaja

Nimejilaza kitini baada ya chakula cha mchana, tai shingoni, nikisubiri gari la chuo. Leo wanazindua uwanja wenye jina la Elinaja, nyota wao wa soka wa mwaka hamsini na nane, marehemu sasa, na nimeombwa nimzungumzie kama rafiki yake. Wasichojua ni kwamba Elinaja hakufunga bao hata moja. Goti lake lilikuwa bovu. Mimi, mfyeka nyasi wa chuo, nisiyesoma pale, ndiye niliyevaa jezi yake na kuitwa jina lake misimu miwili, mamluki kamili. Macho yanajifumba na nimo barabarani. Barabara haiishi, na kila mji ninaoingia ni uleule uliogeuzwa, kanisa kushoto, kisha kanisa kulia, na kila mji una uwanja, na kila uwanja unaimba Elinaja, Elinaja. Mbele yangu anatembea mtu wa jezi asiye na uso. Namuuliza, ndugu, mimi niko wapi hapa? Anajibu, uko pale ambapo hukuandikwa. Hilo si jibu, namwambia, na hasira zinanipanda, maana nimenyamaza miaka sitini. Anasimama getini. Taja jina uingie, anasema. Nasema, Mbonea wa Usangi, mabao matatu fainali, la tatu kwa kichwa. Geti halitikisiki. Ndani mpira wa ngozi unadunda, umelowa mvua, naujua mlio wake, na miguu inaniwasha. Kwa aibu nasema, Elinaja. Geti linafunguka.

Nacheza peku, miguu inaniuma, nina miaka ishirini, nafunga, nafunga tena, na nina furaha, siwezi kudanganya. Elinaja amekaa kando ya uwanja, goti limefungwa kitambaa. Mbonea, ananiita, leo kaseme kweli. Na mkeo je, namuuliza, na wanao wanaojivunia baba yao? Anasema, mimi nimeshakufa, bwana. Aliyebaki na mzigo ni wewe.

Bega linatikiswa. Ni Nakaniwa, mjane wa Elinaja, amekuja na gari. Shemeji, amka, wanatungoja. Namwambia, shemeji, keti kwanza. Yale mabao nilifunga mimi. Haketi. Najua, anasema, nilikuwepo. Nilikuwa nakushangilia wewe kwa jina lake. Njoo ukawaambie. Jua la mlangoni liko nyuma yake, uso siuoni. Najifinya mkono nijue kama nimeamka, unauma, lakini kule uwanjani pia miguu iliniuma.