Bodi Isiyofika Shibiri

Mdogo wangu wa kike alipomuuliza Mpole swali lililopaswa kuja kwangu, nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu. Kidole nilikiunguza mwenyewe, lakini lawama zote nilimpa Mpole.

"Nataka kompyuta ndogo, ikae pembeni ya meza yangu ya kuchorea," alikuwa anamwambia. "Prosesa niisukume ipite kasi ya kiwandani, maana mchoro mmoja wa nyumba unanichukua nusu siku kutoka. Na memori zangu sizibadilishi. Sasa ninunue bodi gani?"

Mimi ndiye kaka yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Hata hizo memori, vijiti viwili vyekundu vya kuchomeka, nilimpa mimi, siku alipomaliza chuo. Na huyo Mpole nilimkaribisha mwenyewe kwenye meza yangu ya ufundi mwaka jana, akiwa na mkoba mmoja na maneno machache. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Sitaki unafiki: nilimwonea wivu. Wivu kamili, ule unaokufanya uhesabu mtu amecheka mara ngapi. Na nilihesabu. Kwa Mpole alicheka mara nne, na hakuna hata kimoja alichosema Mpole kilichochekesha.

Mpole akamweleza taratibu kwamba bodi, ule ubao mkuu ambao vitu vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake, zilizo ndogo na ambazo bado zinakubali memori za toleo la zamani zimebaki chache, na zinazoruhusu kusukuma prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni chache zaidi. Asiangalie urembo wa taa, akasema, aangalie sehemu inayoilisha prosesa umeme. Ikiwa dhaifu itachemka, na kasi itashuka yenyewe. Yote yalikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku mbili baadaye mdogo wangu akaniletea picha kwenye simu. Bodi yenyewe haifiki shibiri kila upande.

"Kaka, Mpole kanichagulia hii, pamoja na hii feni kubwa ya kupozea prosesa, na mabati yake. Sijanunua bado. Wewe unaionaje?"

Niliona. Sikuhitaji hata miwani. Kwenye bodi ndogo kiasi kile nafasi za memori zimebanana na prosesa, na zile memori nilizompa zina vichana virefu vya bati mgongoni. Feni ingezikalia kichwani. Neno moja lingetosha, lakini nikawaza: acha anunue, igome, arudi kwangu, ajue nani fundi.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Nunua."

Jumamosi mchana akatuita wote wawili nyumbani kwake. Nilivaa shati la pasi. Mtu akienda kushuhudia aibu ya mwenzake, angalau apendeze.

Mdogo wangu alitandaza kila kitu juu ya meza na kuanza kufunga mwenyewe. Prosesa ikaingia, memori zikaingia. Akashusha mabati ya kupozea na feni yake. Yakagoma upande mmoja, feni ikiwa imekalia vichana vyekundu.

Mpole akainama, akachungulia. "Hiki ndicho nilichokuwa nahofia," akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Nilikwambia tupime urefu wa memori kwanza."

"Na mimi nikakwambia kaka ameshaangalia." Mdogo wangu hata hakuinua kichwa. "Kaka akisema hakuna tatizo, ujue hakuna. Sisi ndio tumeweka vibaya."

Akaanza kukaza skrubu.

Nilijiambia ataacha mwenyewe, lakini hakuacha. Alikaza upande huu, akahamia upande ule, akaegemeza kiganja chake chote, jasho likamtoka puani kama alipokuwa mtoto. Bodi ikaanza kupinda. Nikasikia kitu kikilia, kidogo tu. Alikuwa anaivunja kwa kuniamini mimi.

"Acha," nikasema. "Itapasuka. Niliona tangu siku ile ya picha."

"Uliona nini?"

"Kwamba feni haitaingia."

Hakupandisha sauti. Alilegeza skrubu moja moja, akafuta mikono, kisha akampa Mpole bisibisi. Mpole akahamisha feni upande wa pili wa mabati, kazi ya dakika kumi, ambayo hata mimi ningeweza kuifanya. Kompyuta ikawaka. Wakapandisha kasi hatua kwa hatua, wakisoma joto kila hatua, nayo ikavumilia. Mimi nilikuwa kwenye kochi na shati langu la pasi.

"Memori zako bado imara sana, fundi," Mpole akaniambia. Alisema kwa wema, na nikamchukia zaidi.

Nilipoaga, mdogo wangu alinisindikiza hadi mlangoni kama kawaida yake. Akasimama ameshika kitasa.

"Kaka, uliniambia niikatae ile kazi ya mji wa mbali. Nikaikataa. Ukaniambia yule kijana aliyetaka kunioa hanifai. Nikamwacha." Akakizungusha kile kitasa. "Huko nako uliona nini?"

Nilikuwa nakumbuka jinsi yule kijana alivyokuwa akimchekesha.