Mlango wa Ghala

Jasim alimlipia mama yake chumba katika ngome kongwe iliyogeuzwa hoteli, mwendo mfupi kutoka katikati ya Doha. "Alizaliwa humu," alimwambia Nyaboke, nesi kutoka Nakuru aliyemtunza mama huyo kwa miaka mitatu. "Atafurahi. Lala naye, nitawafuata asubuhi."

Mama Latifa, mwenye miaka themanini na kitu, hakufurahi. Tangu walipovuka lango aliung'ang'ania mkono wa Nyaboke. Kahawa aliikataa, na tende pia. Baada ya kuswali Magharibi kitini, akagoma kupanda kitandani. Nyaboke alimpima presha, ilikuwa juu. Akampa dawa, akatoka barazani kupokea simu ya nyumbani. Mwanawe alikuwa analia.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza basi. Nitakuja Desemba."

Alipogeuka, Mama Latifa alikuwa amesimama mlangoni.

"Umesema nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Mtoto analia, Mama. Nimemwambia aache kulia."

"Nyamaza mwanangu," bibi alirudia, kwa Kiswahili kile kile. "Mama yangu alikuwa ananiambia hivyo. Sikuwahi kujua maana yake."

Akamwongoza Nyaboke hadi chini uani, mbele ya mlango mnene wa mbao. Siku hizi chumba cha nyuma yake kilikuwa cha kuwakanda wageni wa hoteli kwa mafuta.

"Hapa palikuwa ghala. Usiku tulifungiwa humu, mimi na mama. Aliletwa kutoka kwenu Afrika akiwa mtoto, akauzwa. Nikilia ananiziba mdomo, mabwana wasisikie."

"Jasim anajua?"

"Anadhani baba yangu alikuwa mlinzi wa ngome."

Nyaboke alimpigia Jasim simu. "Njoo umchukue mama."

"Presha?"

"Presha ipo. Mengine atakueleza mwenyewe."

Alifika kabla ya saa kupita, akawakuta bado uani, uso wake umekunjamana. "Yumma, mama yangu, nimekulipia chumba bora kuliko vyote."

Mama Latifa aliushika mkono wake, akaubandika kwenye mbao. "Bibi yako alikuwa mtumwa. Alilala humu, na mimi pia."

Jasim alimtazama Nyaboke, kana kwamba anangoja kuambiwa kwamba ni uzee tu.

"Hajachanganyikiwa," Nyaboke alisema.

Jasim aligeuka kuangalia kama kuna mtu uani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua? Harusi ya binti yangu Maryam ni mwezi ujao."

Mama Latifa aliuachia mkono wa mwanawe taratibu. Alionekana kuchoka kuliko siku zote ambazo Nyaboke alikuwa amemwona.

"Twende nyumbani," akasema, lakini alimwambia Nyaboke.

Garini Jasim alimfungulia mlango wa mbele. Mama yake alimpita, akaketi nyuma, akamwegemea nesi begani.