Shingo Nyepesi

Baba aliinua tela kwa mkono mmoja, na sote tukapiga makofi.

Si tela zima, bila shaka. Aliinua shingo, kile chuma kirefu cha mbele kinachokaa juu ya gari linalovuta. Alikunja magoti yake mabovu, akashika chuma kwa mkono wa kulia na kukinyanyua hadi kiunoni, mkono wa kushoto ukiwa bado mfukoni. Kule nyuma, jenereta na mapipa ya maji yaliyofungwa kwenye keria mpya yalishuka taratibu, kama mtu anayeketi.

"Mnaona?" alisema. "Unyoya."

Kaka yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee bado yumo!"

Fundi wa kuchomelea alikuwa anakunja waya zake. Yeye hakupiga makofi. Aliitazama shingo ikielea mkononi mwa Baba, akatazama nyuma, kisha akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Mzee," alisema, "keria hii haitakatika. Hilo dhamana yangu. Lakini mbele kuwe kuzito. Shingo ya tela inatakiwa ilalie gari, isielee."

"Fundi," Baba akamjibu kwa upole, "vyuma ni vyako. Mizigo ni yangu."

Na nani angembishia? Baba alivuta mkokoteni sokoni tangu ujana mpaka magoti yalipokataa. Vijana wenye misuli walipakia ovyo, wakarudi jioni wamefunga viganja kwa vitambaa. Yeye alipanga. Gunia hili nyuma kidogo, lile mbele kidogo, mpaka mikono ya mkokoteni haikandamizi wala hainyanyui, inakaa tu viganjani. Kisha huyo, anaondoka akipiga mluzi. "Nguvu ni ya punda," alikuwa akisema. "Mtu hupanga." Sokoni walimwita Mkono Mwepesi. Kwa mkono huo alitulisha, akatusomesha, mimi nikafika chuo kikuu na kurudi na shahada ya ualimu. Mji wetu, lakini, hauna hata kichuguu. Ukimwaga maji barabarani, yanasimama yakijiuliza yaelekee wapi.

Safari yenyewe ilikuwa ya wifi yangu, mke wa Kaka. Alikuwa muuguzi, na zahanati iliyomwajiri ilikuwa ng'ambo ya mteremko mkubwa, mahali pasipo na umeme wala nyumba ya mfanyakazi. Wakaamua kwenda na nyumba yao. Tela walilipata kuukuu lakini zima, lenye vitanda, jiko na kabati. Kilichokosekana ni mahali pa kuweka jenereta na maji, ndipo likaja wazo la keria ya nyuma.

Mwanzoni Kaka alitaka keria ichomelewe kwenye bampa. Fundi aliigonga bampa kwa nyundo. Ikalia kama debe tupu.

"Hili ni pambo," alisema. "Ndani ni tupu, mnafichwa mpira wa kumwagia maji machafu. Ukining'iniza jenereta hapa, utaliokota njiani, kama halikumponda mtu kwanza."

Akalala chini ya tela na tochi, akakwangua kutu mpaka akaikuta chasisi yenyewe. Akapitisha mikono miwili ya chuma mbali kule ndani, akaikaza kwa bolti nene na vibati nyuma ya kila nati, akikwepa bomba la gesi na waya za breki. Taa za nyuma akazisogeza pembeni zisifichwe na mzigo. Kaka alipanda juu ya keria akarukaruka, na haikulia hata kidogo. Hofu yetu yote ilikuwa juu ya kitu kitakachokatika. Sasa hakuna kitakachokatika, basi tukalala usingizi.

Siku ya majaribio Kaka alilivuta tela kwa pikapu yake kwenye barabara ya vumbi nyuma ya mtaa. Sisi tulisimama kando. Lilipita vizuri tu, pengine mkia ulipepea kidogo alipoongeza mwendo. Mpwa wangu, binti yao mdogo tuliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo, ndiye aliyeinama kutazama njia.

"Shangazi, njoo uone! Tela limechora nyoka!"

Nilitazama. Matairi ya pikapu yalikuwa yamepita yamenyooka. Juu yake matairi ya tela yalikuwa yameandika mawimbi, kushoto, kulia, kushoto tena, kila wimbi pana kidogo kuliko lililotangulia, mpaka pale Kaka alipopunguza mwendo. Yalikuwa mazuri, kama mshono wa darizi. Lakini sikuyapenda.

"Baba," nikasema, "Fundi alisema shingo iwe nzito. Labda tuhamishe jenereta."

"Ehe! Msomi wetu kasema." Alinishika bega kwa mapenzi. "Shahada yako iliwahi kuvuta hata toroli?"

"Haijawahi."

"Basi iache ipumzike, mwanangu. Imechoka."

Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka. Wifi peke yake alikuwa bado anautazama ule mchoro. Aliufuta kwa kiatu, polepole, wimbi kwa wimbi.

Tuliondoka asubuhi. Kaka alikuwa kwenye usukani na Baba pembeni yake, mimi na Wifi nyuma na Chiriku katikati. Mimi na Baba tungewasindikiza mpaka juu ya mteremko, pale mabasi yanapopumzika, kisha tungerudi nyumbani. Pikapu ilikuwa imejaa magodoro, viti na mabegi ya nguo, vitu vikubwa kwa macho na vyepesi kwa mkono. Vizito vyote, Baba alivipanga nyuma kabisa ya tela kuipa shingo wepesi wake.

Barabara ya lami ilikuwa tambarare kwa muda mrefu. Chiriku alisimulia hadithi ya kuku aliyeolewa na kiatu. Kisha basi likatupita kwa kasi, na upepo wake ukatupiga ubavuni.

Nilihisi mgongoni kabla sijaelewa. Mkono mkubwa uliishika pikapu kwa nyuma, ukaivuta kushoto. Ukaiachia. Ukaivuta kulia. Kwenye kioo niliona ukuta wa tela ukitokea upande huu, ukapotea, ukatokea upande ule. Mkebe wa biskuti ukaanguka. Kaka aliondoa mguu kwenye mafuta, akakamata usukani, na mishipa ya shingo yake ikasimama. Mkono ule ulituvuta tena, mara hii kidogo, kisha ukatuacha.

Chiriku aligeuka kutazama nyuma. "Baba, tela linataka kutupita?"

"Linacheza tu, mama," Kaka akajibu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Upepo wa basi," alisema Baba. "Barabara ikitulia, litatulia."

"Na mteremkoni kuna mabasi, Baba?" Wifi aliuliza taratibu, kama anayeuliza kama kuna chai.

Baba alipandisha kioo cha dirisha lake.

Tulifika juu ya mteremko ikiwa bado asubuhi. Palikuwa na uwanja wa changarawe, choo, na kibanda cha kuuza maji kilichofungwa. Mbele yake nchi ilikatika. Barabara ilijikunja ikashuka, na malori yaliyokuwa chini yalionekana kama punje za mtama. Tulishuka kunyoosha miguu. Kaka akazunguka tela akigonga matairi kwa teke. Alikagua bolti za keria moja moja, na zote zilikuwa zimekaza kama siku ya kwanza.

"Keria safi," alisema. "Fundi ni fundi."

Mimi nilitembea mpaka mahali barabara inapoanza kuinama. Hapo nikaona alama nyeusi za matairi kwenye lami. Zilianza nyembamba, kushoto. Zikaenda kulia. Zikarudi kushoto, pana zaidi, kisha kulia tena, pana kabisa, na hapo ukingo wa chuma wa barabara ulikuwa umepasuka na kujikunja nje kama ulimi. Alama hazikurudi tena.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Alitazama zile alama kwa muda, kisha akajaribu kuifuta mojawapo kwa ncha ya kiatu. Haikufutika.

Tuliporudi, Kaka alikuwa ameshawasha gari. Wifi alimnyanyua Chiriku akamweka kiunoni, akasimama mbele ya Baba. Hakupandisha sauti.

"Baba, shikamoo."

Walikuwa wameshaamkiana alfajiri. Baba alishtuka. "Marahaba, mama."

"Nina ombi. Naomba shingo ifunguliwe, uinue tena kwa mkono mmoja."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Sasa hivi, Baba. Tafadhali."

Kaka alizima gari. "Mama Chiriku, jua linatuwahi."

"Litusubiri."

Kaka alimtazama mkewe usoni, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, akafungua kufuli. Baba akainama. Nilimwona anataka kutabasamu. Akashika chuma, akakinyanyua kwa mkono mmoja mpaka kiunoni, na nyuma jenereta likaketi.

"Unyoya," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Baba," alisema Wifi, "wewe ni mzee wetu na magoti yanakuuma. Kama wewe unainua hivi, upepo wa lori utashindwa?"

Lori lilikuwa linapanda mahali fulani chini yetu, likiguna.

"Mkokoteni ulikuwa mwepesi hivihivi," Baba alisema hatimaye. Hakuwa anabisha, alikuwa anatafuta. "Haukunipeperusha hata siku moja."

"Kwa sababu nani aliushika?"

"Mimi."

"Na hapa kashika nani?"

Baba alitazama nyuma ya pikapu. Palikuwa na kichuma cha mviringo kinachoshika shingo, ukubwa wa limau, kikimeta kwa grisi. Mimi nikasema, "Baba, njoo nikuoneshe kitu," nikamshika mkono mpaka kwenye zile alama. Alizifuata kwa macho, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ukingoni. Alisimama pale akihema. Nilifikiri atanambia shahada yangu ipumzike. Badala yake alivua kofia.

"Nyoka wa Chiriku," alisema.

Aliporudi hakutazama mtu usoni. Alikunja mikono ya shati. "Shusha kila kitu," alimwambia Kaka. "Nimepakia kwa ajili ya mtu anayetembea."

Tukapakua sote. Jenereta tulilibeba kwa mikono minne mpaka kwenye pikapu, nyuma tu ya viti. Maji ya pipa moja tuliyamwaga, changarawe ikayanywa, na pipa lililobaki likakaa kando ya jenereta. Masanduku ya vyuma na vyombo vya Wifi tuliyasogeza mbele ya ekseli ya tela, chini kabisa, yasiruke. Magodoro na viti vikahamia kwenye keria, vikafungwa kwa kamba mpaka vikawa kama mtoto mgongoni. Baba ndiye aliyepanga, na hata katika aibu mikono yake ilikuwa na akili. Mwishowe akainama kushika shingo. Alivuta kwa mkono mmoja. Haikusogea. Akatoa mkono wa pili mfukoni, akavuta kwa yote miwili, na mishipa ikamtoka kipajini. Ilipanda kidole kimoja, ikalala.

"Sasa ni nzito," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilitamka neno hilo kama sifa.

Wifi alimpigia magoti kuagana naye. Yeye akamwinua. "Usinipigie magoti leo," alisema. "Mwambie mumeo aende kama anabeba mayai. Na lori likimpita, asikanyage breki kwa hasira, aachie mafuta tu."

Kaka akaifunga shingo kwenye pikapu, wakaanza kushuka mteremko. Tulilitazama tela likipita kona ya kwanza, ya pili, likifuata pikapu kama kivuli, mpaka mlima ukalificha. Baba aliketi juu ya jiwe na simu yangu kiganjani, ingawa hajui kuipokea. Malori yalipita. Kila moja lilipopita, alifumba macho.

Simu ilipolia aliidondosha. Nikaiokota.

"Tumefika chini," ilisema sauti ya Wifi. Nyuma yake Chiriku alikuwa anasimulia jambo. "Malori mawili yametupita."

"Lilitikisika?" Baba aliuliza kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Kidogo, Baba. Likatulia."

"Lenyewe?"

"Lenyewe."

Alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akaomba maji. Tukasogea barabarani kungoja basi la kurudi. Ilibaki kidogo tupande basi kwa amani, ndipo likatokea gari dogo jeupe, linavuta tela kama letu. Watoto walikuwa dirishani. Nyuma, kwenye keria, kulikuwa na magunia yamepangwa mpaka juu, na mbele shingo ilikuwa inarukaruka, nyepesi, nyepesi mno.

Baba aliinuka. Alisahau magoti yake. Alikimbilia ukingoni mwa barabara na mikono yote miwili hewani. "Simama! Simamisha! Shingo!"

Dereva alimwona. Akatabasamu, akapiga honi mara moja kama mtu aliyeagwa vizuri, akatupungia mkono. Watoto nao wakatupungia. Gari likazama mteremkoni.

Baba alibaki na mikono juu. Nilimshika kiuno asianguke, na tukasimama pale, kando ya zile alama, tukisikiliza.