Ndege Iliyotua Bila Kuonekana

Ndege iliruka na injini nne, ikatua na mbili. Tena ilitua imenenepa kama chura, magurudumu yake yamekuwa mayai. Muriel Stobbs aliirudisha filamu nyuma, akaitazama tena, akasonya.

Studio yao, nje kidogo ya London, ilikuwa na lenzi mpya za picha pana, lakini ndege waliyoikodi iliruka mara moja tu ikaharibika. Picha za kutua ikabidi ziazimwe kutoka filamu za wakati wa vita, zenye ndege nyingine ya injini mbili, zilizopigwa kwa umbo la mraba. Ukizipitisha kwenye lenzi zile, kila kitu hutanuka.

"Acha hivyo hivyo," alisema Bwana Lanyon, mtayarishaji. "Nani atahesabu injini?"

"Wazee wa jeshi la anga, bwana. Umewaalika mwenyewe Alhamisi, ukumbi mzima."

"Basi wakicheka, jina lako naliondoa. Namweka Harold."

Miaka kumi na mmoja Muriel alikuwa akikata filamu, na majina yaliyotokea kwenye kioo yalikuwa ya wanaume, kina Harold. Hii ndiyo ya kwanza aliyoahidiwa jina lake. Hakulia wala hakubembeleza. Kazi ilikuwa imemkaa vidoleni, naye alilijua hilo.

Alishika mkasi, akaikata ile ndege nene yote, akaitupa kapuni. Kisha akapekua mabaki, vipande ambavyo hakuna aliyevitaka. Humo akamkuta mwigizaji aliyecheza fundi wa ndege, amesimama uwanjani anatazama mbali, macho yamemtoka kwa hamu. Kamera ilikuwa imesahauliwa ikizunguka. Muriel aliikumbuka siku ile, akacheka peke yake. Ilikuwa saa kumi alasiri, na kigari cha chai kilikuwa kimechelewa.

Akamwacha fundi kwenye picha sekunde arobaini nzima, akamwekea sauti tu: injini nne kwa mbali, moja ikakohoa ikanyamaza, tatu zikasogea, magurudumu yakagusa ardhi.

"Ndege iko wapi?" Lanyon alifoka. "Watu wanakuja kuona ndege!"

"Wataiona, bwana."

"Una kiburi wewe!"

"Ninacho. Nimekitolea jasho."

Alhamisi wazee walianza na kejeli zao. "Kofia hiyo kamvalisha nani, mkewe?" Ukumbi ukacheka. Lakini fundi alipoinua macho, kejeli zikakatika. Mstari wa mbele, Alf Hebden, aliyekuwa fundi wa ndege vita vyote, akainama mbele.

"Moja imezima," akasema kwa sauti. "Tatu zinakutosha. Njoo, mwanangu, njoo!"

Magurudumu yalipogusa ardhi, ukumbi mzima ulishusha pumzi.

"Haya, jina lako linabaki," Lanyon alinong'ona mlangoni. Kabla Muriel hajajibu, Hebden akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Bibie, ndege ile mmeipata wapi? Nimeiona ikitua, na kiraka nilichoipiga ubavuni nimekiona. Ilikuwa yangu. Nilisimama vile vile kama yule jamaa, nikaingoja mpaka jua likawa utosini. Haikurudi."

Lanyon akafumbua kinywa amsahihishe. Muriel akamkanyaga mguu, kisigino chote.

"Leo imerudi, Bwana Hebden," alisema. "Si umeiona mwenyewe?"