Kikohozi cha Babu Ratsimba

Alfajiri ya Jumatatu, Bibi Razafy alikuwa akimimina maji ya moto juu ya ukoko wa wali, yapate kunywewa wakati wa staftahi, aliposema kwamba mumewe amekuja tena ndotoni. Analalamika baridi.

"Amevaa nini?" akauliza mjukuu wake, Lalaina, aliyekuwa akijifunga kitambaa kichwani awahi machimboni.

"Sanda ile ile ya miaka saba. Imechanika mgongoni. Lazima tumvishe upya mwaka huu."

Lalaina akaitikia kwa kukohoa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alivunja mawe ya Bwana Andriamaro kwa nyundo, kama Babu Ratsimba alivyoyavunja kwa baba yake Andriamaro. Tangu mvua zikatike alikuwa akikohoa vumbi jeupe. Daktari wa zahanati alimwambia aachane na mawe, ila kazi nyingine hakumwonyesha, na kusema kweli pale kilimani haikuwepo.

Mwezi Agosti ukoo ukakutana kuwavisha wafu wake sanda mpya, kama desturi ya kila miaka saba. Kaburi likafunguliwa, tarumbeta zikalia, wali na nyama yenye mafuta vikaliwa mpaka watu wakalegeza mikanda. Andriamaro alileta ng'ombe, akacheza, na shati lake jeupe, kupita wenye wafu wenyewe. Wafu wakatolewa mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya sanda, na wanawake wakakaa mikekani kuwapakata na kuwapa habari.

Lalaina alimpakata Babu. Akamwambia mpunga umekubali, shangazi kaolewa tena, na binti yake Soa, mwenye miaka sita, ameshaanza shule. Kabla hajamaliza, kikohozi kikambana.

"Hicho kikohozi ni changu," Babu akasema kutoka ndani ya sanda, kwa sauti kavu kidogo. "Nilikiacha machimboni. Nani kakupa?"

"Nilikikuta huko huko, Babu."

"Hebu kilete. Mchumba wangu hawezi kukohoa kama kizee."

"Wewe na uchumba wako!" Bibi Razafy akamkemea. "Miaka kumi na minne kaburini na bado hujatulia." Lakini alikuwa akimzungushia hariri mpya kwa upole, akiikaza pale mgongoni, na machozi yalimtoka. Alimpenda sana yule mzee.

Babu akakohoa mara tatu. Vumbi jeupe likapenya kwenye hariri, likamkalia Andriamaro begani. Andriamaro akajipangusa, akasema upepo wa Agosti ni mbaya. Watu wakakubaliana naye, maana ng'ombe wake alikuwa bado tumboni mwao. Kisha Babu akabebwa mabegani, akazungushwa kaburi mara saba kwa ngoma, akarudishwa kwenye rafu yake. Lalaina akatembea hadi nyumbani akivuta pumzi mpaka chini kabisa ya kifua.

Tangu siku hiyo kikohozi kinasikika kaburini, asubuhi na jioni. Wanaopita na vikapu vya nyanya husema, "Pole, mzee," naye huwajibu, "Nimeshapoa." Bibi Razafy hulalamika tu kwamba mzee anamsumbua mama yake mzazi, aliyelala rafu ya juu.

Machimboni, Andriamaro alipomwona Lalaina kapona, alisema basi mawe hayana ubaya. Alikuwa na mpango wa kununua mpira wa kumwagia vumbi maji. Akauacha. Lalaina akaendelea kuvunja mawe, na shule ilipofungwa akawa anakwenda na Soa, kwa kuwa Bibi alikuwa shambani na nyumbani hapakuwa na mtu.

Jioni moja, wakila, Soa akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikaacha unga mweupe ukingoni mwa sahani. Wote watatu wakatega sikio. Kule kaburini Babu alikuwa akikohoa kwa nguvu, hajapata hata nafasi ya kupumua.

"Bado hajamaliza cha Lalaina," Bibi Razafy akasema.

Akanawa mikono, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa hariri ya sanda aliyojiwekea mwenyewe, akaipima begani.

"Hiki cha Soa nitakichukua mimi."

"Bibi, jamani, wewe bado una nguvu!"

"Ninazo, ndiyo. Basi mwambie mwanao akohoe polepole."

Soa, mdomo umejaa wali, akaahidi.