Medali Juu ya Usukani

Yola alikuwa amekwenda kunawa grisi tu. Aliporudi gerejini, alimkuta mteja wake, Mzee Fermín, ameinamia meza ya kazi, akibandika medali ya shaba ya Bikira katikati ya kifuniko cha usukani.

"Mzee! Toa mikono!"

"Kelele za nini? Umekilaza vizuri, gundi itashika."

Chini ya kifuniko hicho mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ulikuwa umekunjwa pamoja na baruti yake. Asubuhi Yola alichomoa betri, akangoja umeme uliobaki ufe, akaubeba mfuko uso wake ukitazama mbali na kifua chake. Aliulaza uso juu, ili ukifyatuka upige hewa, usiirushe meza. Kisha akabadilisha waya uliokatika nyuma ya usukani, ule uliowasha taa nyekundu ya onyo.

"Kesho tunakwenda Copacabana, kanisani kwa Bikira, gari likabarikiwe," alisema Mzee Fermín. "Maua ninayo, bia ya kulinyunyizia ninayo. Bikira tu ndiye hakuwa na mahali."

"Hapo si mahali pake. Gari likigonga, mfuko unapasua kifuniko hicho hicho. Medali itamrukia dereva usoni."

"Bikira amdhuru mtu? Hebu msikieni!"

"Bikira hadhuru. Shaba inadhuru."

Mzee akawageukia mafundi wa jirani waliokuja kuchungulia. "Jamani, nimeleta gari kwa fundi, nimekuta askofu!"

Wakacheka. Uso wa Yola ukamwaka moto. Sauti yake haikuwa kubwa, na hapa mjini El Alto aliambiwa mara nyingi kwamba fundi wa kike asiyepiga kelele hatasikilizwa. Hakupiga kelele. Alichukua spana ya betri, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Medali ikibaki, mfuko siurudishi. Betri siungi."

"Nampelekea fundi Rufo! Yeye huzima taa tu, hahubiri."

"Mpelekee. Utalisukuma mwenyewe. Taa itazimika kweli, ila siku Nélida atakapogonga..."

Nélida, binti wa mzee, alikuwa amekaa juu ya tairi akifunga maua ya karatasi kwenye utepe. Gari ni yeye atakayeliendesha.

"Siku hiyo nini, dada? Malizia."

"Siku hiyo sitaki hiyo shaba iwe mbele ya macho yako."

Nélida akaweka maua chini.

"Nélida, kaa! Gari nimelinunua mimi."

"Gari ni lako, baba. Uso ni wangu."

Gundi ilikuwa bado mbichi. Nélida aliibandua medali taratibu kwa kucha. Yola alifuta kifuniko kwa kitambaa kikavu, akakikagua pembe hadi pembe. Hakikuwa na mkwaruzo. Nélida akaishika medali kifuani, akitafuta pini.

"Hapo pia hapana," alisema Yola. "Mfuko utakupiga hapo hapo."

Nélida akaangua kicheko, akaifungia kwenye kisanduku cha dashibodi.

"Bikira gizani, kama soksi!" alilalamika Mzee.

Yola alirudisha mfuko, akakaza bolti, akamwondoa kila mtu karibu na gari, ndipo akaunga betri. Kichwa kikiwa nje, akapenyeza mkono dirishani na kuzungusha ufunguo. Taa nyekundu iliwaka, ikakaa kidogo, ikazimika yenyewe: mfuko ulikuwa tayari.

Mzee Fermín aliokota utepe wa maua. Hakumtazama Yola.

"Na haya, bibi askofu? Au nayo yanaua?"

"Yafunge mengi kadiri utakavyo," alisema Yola. "Kwenye boneti."