Sare ya Odeta

Mgeni alipiga hodi Odeta akiwa ameuelekea ukuta wa sebule, akitambaza vidole vya mkono wa kulia juu taratibu, kama nesi alivyomwelekeza. Tangu alipokatwa titi, mkono huo ulikuwa umegoma kupita usawa wa bega.

"Karibu," alisema bila kugeuka.

"Asante, dada. Poleni sana na msiba."

Odeta akageuka. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, futi ya kupimia shingoni, furushi la kitenge kichwani.

"Msiba wa nani?"

"Si ndiyo kwa Odeta hapa? Naitwa Perez, fundi wa Usagara. Mama Getruda alinipa kazi ya sare za msiba. Simu yake haipatikani, nikaona nije mwenyewe nianze kuwapima wafiwa." Alichungulia ndani, akashangaa kuona hakuna mkeka wala mtu anayelia. "Watu wako wapi? Mwili bado uko hospitali?"

"Mwili ndio huu unaouona," Odeta akasema. "Karibu kiti."

Perez hakukaa, alidondoka kwenye kiti. Furushi likaanguka miguuni pake.

"Yesu wangu! Dada, nisamehe. Mimi niliambiwa tu kwamba siku bado haijajulikana, ila nguo ziwe tayari."

Maneno hayo Odeta aliyasikia pale pale kwenye kidonda. Aliinama, akafungua furushi kwa mkono wa kushoto. Kitenge cha zambarau chenye maua meupe, kizuri mno. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi: walimpenda kiasi cha kukumbuka rangi aipendayo.

"Na kwa nini wakufuate wewe Usagara, wakati hapa Nyakato mafundi wamejaa kila kona?"

"Mama alisema mambo yasisambae."

Aliyeyasambaza alikuwa Odeta mwenyewe. Kabla hajapasuliwa, jumuiya yao ya kanisa ilisali nyumbani kwa Getruda, na ulipofika wakati wa kila mmoja kutaja nia yake, wengine waliomba mvua, wengine kazi kiwandani. Yeye akasema, "Nina kansa ya titi. Niombeeni." Walilia, wakamkumbatia hadi kanga ikamdondoka. Na hawakuishia machozini. Walimchotea maji, walimfulia, walimpikia uji wa ulezi. Getruda alilala naye wodini, akimpangusa jasho kama mwanawe wa kumzaa. Odeta aliamini kwamba amewapa siri yake waishike. Kumbe walikuwa wameshaipima urefu na mapana.

"Nipime," alimwambia Perez.

"Dada, acha."

"Nipime. Ya kwanza iwe yangu, na iwahi Jumapili."

Futi ilipofika kifuani, Perez alisita. "Hapa nijazie kitambaa, isionekane?"

"Acha palivyo."

Jioni ile ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake. Walipomaliza rozari, Odeta alikiweka kipande cha kitenge mezani, kando ya mshumaa. Masele, katibu wa jumuiya, akawa anatafuta kitu kwenye viatu vyake.

"Huyu fundi hana akili," Getruda akasema hatimaye.

"Akili anazo. Alikuja kwa marehemu, akamkuta."

"Odeta, mwanangu, usitufikirie vibaya. Unakumbuka msiba wa Rose? Tulimzika tumevaa kila mtu lake, kama watu wa mnadani. Jumuiya ya jirani walitucheka mbele ya jeneza. Wewe tulisema hapana, wewe tutakuzika kwa heshima."

"Mama Getruda, mimi nakunywa dawa nipone."

"Na sisi tunaomba upone," Masele akadakia. "Ila kujiandaa si dhambi."

"Ungenipa basi na mimi nichague mshono."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Getruda akavuta kiti karibu, akamshika goti. Sauti yake ilikuwa laini, na upole wenyewe ndio uliokata.

"Kwa kuwa tumeshafika huku, tumalizie. Kipaimara cha Jumapili, Bibi Milembe atasimamiwa na Modesta badala yako. Mkono wako haunyanyuki, na katekista anataka mkono wa kulia wa msimamizi uwe begani. Halafu, mwanangu, msimamizi ni mtu wa kumlea mwenzake kiimani. Awe mtu wa kubaki."

Bibi Milembe alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa mjane wa Misungwi aliyezeekea kwenye zizi la ng'ombe, akaja mjini kwa mwanawe na kumpata Mungu mvi zikiwa zimeshajaa. Odeta ndiye aliyemfundisha sala, neno kwa neno. Kabla ugonjwa haujajulikana, bibi alimwomba jambo moja: siku ya kipaimara mkono wake usimtoke begani mpaka atakaporudi kukaa, maana peke yake katikati ya watoto wale atakimbia. Odeta akaahidi.

"Mimi nilimwomba huyu," bibi akasema.

"Bibi, wewe hujui taratibu," Masele akamjibu. "Wa kubaki! Wewe mwenyewe umri huo unabaki wapi?"

Wakacheka, safari hii bila kukohoa.

"Shikamoo, bibi," Odeta akasema kutoka upande wa pili wa chumba.

"Marahaba, mama." Ndivyo alivyomwita tangu alipokubali kumsimamia.

"Jumapili nitakuja."

"Ukianguka mbele ya askofu?" Getruda akauliza.

"Nguo si iko tayari?"

Nesi alikuwa amemwonya: mkono aunyanyue kidogo kidogo, asiuache juu muda mrefu. Kidonda kikifunguka, kemo, ile dripu ya dawa ya kansa, haitaanza wiki inayofuata. Odeta hakuwa amesahau.

Jumapili alipoingia kanisani na gauni la zambarau, minong'ono ilimfuata benchi hadi benchi. "Amejivalia msiba wake!" Modesta alimwona, akashusha macho, akampisha nafasi ya msimamizi. Getruda aliziba mdomo kwa kitambaa, na hakuna aliyejua kama analia au amekasirika. Benchi la jumuiya halikusogea kumpa nafasi. Akasimama.

Mstari ulikuwa mrefu. Watoto walisukumana, wakamwonyesha bibi kwa vidole. Odeta akanyanyua mkono kwa kuusaidia na ule wa kushoto, akauweka kwenye bega lililokuwa likitetemeka. Likatulia.

Askofu alikuwa mzee, akimsemesha kila mtoto. Chini ya kwapa la Odeta kitu kilivutika, kikavutika tena, kikaachia. Unyevu wa moto ukashuka ubavuni, na ua moja jeupe la kitenge likaanza kubadilika rangi. Nyuma yake Masele akanong'ona, "Mwondoeni jamani, anavuja."

Askofu akampaka bibi krisma kwenye paji la uso. Bibi akaitika "Amina" kwa sauti ya kuita ng'ombe, na watoto wakaangua kicheko.

"Shusha sasa, mama," bibi akanong'ona walipogeuka. "Nimekwisha kupakwa. Naona damu."

"Hujakaa bado."

Wakarudi hatua kwa hatua, kanisa zima likiwatazama, mpaka kwenye benchi la wasimamiwa. Bibi Milembe akakaa. Odeta akauondoa mkono.